Nani Mwenye Kibodi ya Studio?

Mwishoni mwa mwaka 2022 kampuni ya Avid ya Marekani ilikubali jambo ambalo mafundi mitambo walikuwa wakiliomba kwa muda mrefu: mtumiaji wa Pro Tools angeweza sasa kuamua mwenyewe kitufe kipi cha kibodi kifanye kazi ipi. Pro Tools ilikuwa sokoni tangu 1991. Kwa miaka 31, programu iliyotawala studio kubwa za muziki na za sauti za filamu ilimpa kila mtu mikato ileile ya kibodi, awe Los Angeles, London au Johannesburg, na hakuna aliyeweza kuihamisha kutoka ndani ya programu. Wakati huohuo Logic na Cubase, programu mbili zilizozaliwa Ujerumani, zilikuwa zimewaachia watu wao wapange vitufe wanavyotaka kwa miaka mingi. Wanaoeleza tofauti hii husema Avid walikuwa wazito, au kwamba programu ilikuwa kongwe mno kuguswa. Maelezo hayo yana ukweli wake, lakini hayaelezi kwa nini wateja waliokuwa wakilipa fedha nyingi walivumilia, na baadhi yao hata kuitetea hali hiyo. Ukifuatilia namna studio zenyewe zilivyobadilika, unaona sababu nyingine. Pale chumba na mashine vilipokuwa mali ya mwajiri, na fundi akawa mtu wa kuja na kuondoka, vitufe vilifungwa. Pale mtu mmoja alipokuwa mwenye chumba, mwenye mashine na mwenye wimbo, vitufe vilifunguliwa. Hiyo ndiyo hoja ninayoitetea hapa, pamoja na sehemu zake zinazoyumba.

Ushahidi wa kwanza ni wa ofisini, na ni mkongwe kuliko kompyuta. Christopher Latham Sholes wa Milwaukee na wenzake walipata hataza ya mashine ya kupiga chapa mwaka 1868, na kampuni ya Remington, iliyokuwa ikitengeneza bunduki, ikaanza kuiuza mwaka 1874. Mpangilio wa herufi uliotokana na mashine ile, unaoanza na Q, W, E, R, T na Y, ndio ulio kwenye kila kompyuta inayouzwa leo Kariakoo au Luthuli Avenue. Mwaka 1936 August Dvorak alipata hataza ya mpangilio mwingine, uliokusudiwa kupunguza safari za vidole, nao haukushika. Mwanauchumi Paul David aliandika makala maarufu mwaka 1985 akieleza kwamba wapiga chapa walijifunza mpangilio uliokuwapo maofisini, na maofisi yakanunua mashine ambazo wapiga chapa walizijua, hadi mduara ukafunga. Stan Liebowitz na Stephen Margolis walimpinga mwaka 1990, wakisema ushahidi kwamba mpangilio wa Dvorak ni bora ulikuwa dhaifu. Ubishi wao kuhusu ubora tunaweza kuuacha kando. Kinachobaki baada ya ubishi ndicho kinachotuhusu: mashine ilikuwa ya bosi, ujuzi ulikuwa wa mpiga chapa. Mpiga chapa aliyezoea mpangilio wake wa peke yake angekuwa hodari kwenye mashine moja tu duniani, na siku akiachishwa kazi, mikono yake isingekuwa na thamani katika jengo la pili.

Kompyuta zilipokuja, zilirithi kibodi hiyo lakini zikaongeza jambo jipya: kitufe kinaweza kutoa amri. Tarehe 9 Desemba 1968, Douglas Engelbart aliwaonyesha wataalamu waliokusanyika San Francisco namna alivyofikiri mtu angefanya kazi na mashine. Mkono wa kulia ulishika kipanya, na wa kushoto ulikaa juu ya kifaa kidogo cha vitufe 5 kilichotoa herufi na amri. Dunia ilichukua kipanya na kukiacha kile kifaa cha mkono wa kushoto, lakini wazo la mikono miwili kugawana kazi lilirudi kwa njia nyingine. Katika miaka ya 1974 na 1975, Larry Tesler na Tim Mott walitengeneza programu ya kuhariri maandishi iitwayo Gypsy katika maabara ya Xerox huko Palo Alto, kwa ajili ya wahariri wa kampuni ya vitabu ya Ginn, na humo kukata, kunakili na kubandika kulipata sura tunayoijua. Kompyuta ya Lisa ya Apple ilipotoka 1983, kazi hizo pamoja na ya kutendua zilipewa herufi X, C, V na Z. Mahali pa herufi hizo panasema mengi: zote 4 ziko safu ya chini upande wa kushoto, mkono wa kushoto unazifikia bila kuhama wakati wa kulia umeshika kipanya. Ni mahali panapoufaa mkono.

Hata hivyo Apple hiyohiyo, ilipotoa Macintosh mwaka 1984, iliuza kibodi isiyo na vitufe vya mishale. Ilikuwa njia ya kuwalazimisha watumiaji, na waandishi wa programu, wakubali kipanya. Mtengenezaji aliamua kwamba anajua zaidi kuliko mwenye mkono. Kinyume chake kilikuwa kimeshaonekana miaka 8 kabla, katika maabara ya akili bandia ya chuo cha MIT, ambako Richard Stallman na wenzake walikusanya mwaka 1976 amri zilizokuwa zimetawanyika na kuzifanya programu moja iitwayo Emacs. Humo kila kitufe kiliweza kupewa kazi nyingine, na kila mtu alikuwa na faili lake la mipangilio lililosomwa anapoanza kazi. Nalitaja hili mapema kwa sababu ni jiwe kwenye njia ya hoja yangu. Kompyuta ya pale MIT ilikuwa ya chuo, ikitumiwa na watu wengi, na bado vitufe vilikuwa huru. Kumbe mashine ya pamoja hailazimishi kibodi ya pamoja, mradi mpangilio wa mtu ukae kwenye faili lake mwenyewe, mahali atakapoupata. Studio za muziki zilichelewa sana kupata njia hiyo.

Studio ya miaka ya utepe ilikuwa kiwanda kidogo. Mashine za kurekodia, meza ya kuchanganyia sauti na vyumba vyenyewe vilikuwa mali ya kampuni, na fundi aliyetaka kuunganisha vipande viwili vya wimbo aliweka alama kwenye utepe kwa penseli ya nta, akaulaza kwenye kibao chenye mfereji, akaukata kwa wembe kwa mshazari, akaunga kwa utepe wa gundi. Vitufe vya mashine vilikuwa vichache na vilijulikana na wote: cheza, simama, rudisha, peleka mbele, rekodi. Fundi wa kukodiwa aliingia chumba asichokijua saa tatu asubuhi na saa nne alikuwa anarekodi okestra, kwa sababu kila kitu kilikuwa mahali alipokitarajia. Digidesign ya California, iliyoanzishwa na Peter Gotcher na Evan Brooks na baadaye kununuliwa na Avid, ilileta Sound Tools mwaka 1989 na Pro Tools miaka miwili baadaye, na wateja wake wa mwanzo walitoka katika dunia hiyo. Pro Tools ya kwanza ilikuwa na treki 4 na iliuzwa kwa karibu dola 6,000. Kwa bei hiyo mnunuzi alikuwa studio, na studio ilihitaji kifaa ambacho fundi yeyote aliyepigiwa simu jana usiku angekikalia na kufanya kazi.

Hapo ndipo mikato ya Pro Tools ilipogeuka kuwa lugha ya mikono. Vitufe vya F1 hadi F4 vilichagua namna vipande vya sauti vinavyosogea kwenye skrini, na F5 hadi F10 vilichagua zana. Ukiwasha hali maalumu ya kibodi, herufi moja tu ilitosha: A ilipunguza mwanzo wa kipande hadi pale alama ilipo, S ikapunguza mwisho, D ikafifisha mwanzo, G ikafifisha mwisho, F ikaunganisha vipande viwili kwa kuvififisha vikipishana, B ikakata. R na T zilisogeza macho mbali na karibu. Tazama zilivyokaa: A, S, D, F na G ni safu moja, vidole vya mkono wa kushoto vikiwa vimetulia, na kazi ambayo wembe ulikuwa ukiifanya kwa dakika kadhaa ikawa mapigo mawili. Mhariri wa sauti za filamu anayerudia vitendo hivi siku nzima hatazami kibodi wala hafikirii herufi. Wimbo wa Ricky Martin wa mwaka 1999, Livin' la Vida Loca, hutajwa mara nyingi kuwa wa kwanza kushika namba 1 ya Billboard ukiwa umerekodiwa, umehaririwa na kuchanganywa wote ndani ya Pro Tools. Baada ya hapo, kujua mikato hiyo kulikuwa sawa na kuwa na cheti, na kampuni zikaanza kuuza kibodi zenye rangi na alama za kila amri. Kibodi ya namna hiyo ina maana pale tu ambapo amri hazihami. Kwa fundi wa kukodiwa, kufungwa kwa vitufe kulikuwa ulinzi wa soko lake, na ndiyo maana baadhi yao waliitetea hali hiyo.

Upande wa pili wa hadithi uko Ujerumani, katika vyumba vya kulala. MIDI, lugha ya pamoja ya ala za kielektroniki, ilionyeshwa hadharani Januari 1983 pale vinanda viwili vya kampuni tofauti, Prophet-600 na Jupiter-6, vilipounganishwa kwa waya. Mwaka 1985 Atari ilileta kompyuta ya ST ikiwa na matundu ya MIDI yaliyojengewa humo, na mwaka uliofuata ikaja 1040ST yenye megabaiti 1 ya kumbukumbu kwa dola 999 za Marekani. Mtu mwenye mshahara wa kawaida Hamburg au Birmingham aliweza kuinunua, akaunganisha kinanda, na akawa na studio ya kupanga muziki. Karl Steinberg na Manfred Rürup, walioanzisha kampuni yao Hamburg mwaka 1984, walitoa Cubase kwa Atari mwaka 1989. Gerhard Lengeling na Chris Adam wa C-Lab walitoa Creator na Notator, kisha wakaanzisha Emagic na kutoa Logic mwaka 1993. Mteja wao alikuwa mtu mmoja ambaye ndiye mtunzi, mpigaji, fundi na mlipaji wa umeme. Hakuna mtu mwingine ambaye angekuja kesho asubuhi kuikalia kompyuta yake, kwa hiyo hakukuwa na sababu ya kumnyima kitufe anachokitaka. Logic iliweka dirisha zima la amri za vitufe, orodha ndefu ambamo mamia ya kazi zilisubiri kupewa kitufe, nyingi zikiwa hazina hata kimoja kutoka kiwandani. Cubase SX ya 2002 iliruhusu pia kuunganisha amri kadhaa kuwa makro moja, hivyo kitufe kimoja kikafanya msururu wa kazi.

Kuna sababu nyingine iliyowasukuma Wajerumani, na inastahili uzito zaidi ya unaopewa. Kibodi ya Kijerumani si ya Sholes. Z na Y zimebadilishana nafasi, hivyo ile Z ya kutendua, iliyokaa chini ya mkono wa kushoto, Berlin iko safu ya juu katikati. Mabano ya mraba, ambayo Mmarekani huyapata kwa kidole kimoja, kwenye kompyuta ya Mjerumani huhitaji kushikilia kitufe cha pili. Mfaransa naye ana A mahali pa Q. Programu inayouzwa nchi zote hizo ikiwa na mikato isiyohamishika itakuwa na vitufe vizuri mahali pamoja na vya ovyo mahali pengine. Naona ni vigumu kudhani kwamba kampuni zilizokaa na kibodi ya namna hiyo kila siku hazikulihisi jambo hili mapema kuliko kampuni ya California. Sisi tunaoandika Kiswahili hatukulipata tatizo hilo: lugha yetu inatosheka na herufi za Kilatini zisizo na alama za ziada, na kibodi zinazoingia Mombasa na Dar es Salaam ni za mpangilio wa Kiingereza. Mikato ya Wamarekani ilitukaa kama ilivyo.

Mtu anaweza kuniambia kwamba nawapa vyumba sifa ya kazi ya waandishi wa programu. Huenda Logic iliandikwa kwa namna iliyorahisisha vitufe kubadilishwa, na Pro Tools haikuandikwa hivyo, basi. Jibu langu ni kwamba ujuzi wenyewe haukuwa mgeni. Emacs ilikuwa imeuonyesha tangu 1976. Hata kwenye Macintosh, mashine ambayo Pro Tools ilizaliwa ndani yake, kampuni ya CE Software ilikuwa ikiuza QuicKeys tangu miaka ya 1980, programu ya kuunda mikato juu ya programu nyingine yoyote. Kwa hiyo waliotaka kuhamisha vitufe vya Pro Tools walipata njia za kuzunguka kutoka nje. Kampuni hufanya kazi ngumu pale wateja wake wakubwa wanapoidai, na wateja wakubwa wa Digidesign, wenye majengo ya studio, hawakuwa na haja nayo. Kuna pingamizi jingine ambalo ni gumu kwangu zaidi. Mwaka huohuo wa 1987 ambao C-Lab walitoa Creator, Karsten Obarski alitoa Ultimate Soundtracker kwa kompyuta ya Amiga, na kutoka hapo ikazaliwa jamii ya programu ziitwazo traka, zikafuatiwa na FastTracker II ya Sweden mwaka 1994. Hizi zilikuwa za vyumba vya kulala kuliko hata Logic, zilitumiwa na vijana wasio na senti, na bado vitufe vyake kwa kiasi kikubwa vilikuwa vya kudumu.

Traka zinanilazimisha kuikata hoja iwe nyembamba zaidi, na kwa haki. Katika traka kibodi ya kompyuta ni ala. Safu ya chini, kuanzia Z hadi M, ni noti nyeupe za oktavu moja. S, D, G, H na J zilizo juu yake ni noti nyeusi. Safu ya Q ni oktavu ya pili. Hakuna mpiga kinanda anayeomba noti zihamishwe, kwa kuwa thamani ya ala iko katika kudumu kwake, vidole vikumbuke bila kuuliza. FL Studio, iliyoanza Ubelgiji mwishoni mwa miaka ya 1990 kwa jina la FruityLoops, kazi ya Didier Dambrin, ilichukua njia hiyohiyo ya kupiga noti kwa herufi, na Ableton Live ya Berlin, iliyotoka 2001, nayo ina kinanda chake kwenye herufi. Gharama yake ni kwamba herufi inayopiga noti haiwezi wakati huohuo kutoa amri, na ndiyo sababu programu hizi zina kitufe cha kuwasha na kuzima kinanda hicho. Ableton ilichagua njia ya katikati: mtumiaji anaingia katika hali ya kupanga vitufe, anabonyeza kitu chochote kwenye skrini, kisha anabonyeza herufi, na herufi hiyo ndiyo itakayowasha ngoma au kuanzisha kipande cha wimbo jukwaani. Amri za menyu hazimo katika mpango huo. Alichoachiwa mtumiaji akipange ni onyesho lake, yaani ile sehemu ya kazi ambayo hakuna mwingine atakayeigusa.

Pingamizi linalosikika zaidi linatoka kwa Bruce Tognazzini, aliyekuwa mtaalamu wa Apple wa namna watu wanavyotumia kompyuta. Mwaka 1989 aliandika kwamba Apple ilikuwa imetumia dola milioni 50 katika utafiti, na kwamba saa ya kupimia ilionyesha kila mara kipanya kikishinda kibodi. Watumiaji huamini kinyume kwa sababu muda wanaoutumia kukumbuka mkato hawauhisi ukipita. Kama hilo ni kweli, basi desturi yote hii ni imani tu. Lakini utafiti mwingine uliochapishwa 2005 na David Lane na wenzake kuhusu watumiaji wazoefu wa programu ya kuandikia ulikuta mkato ndio njia ya haraka kuliko menyu na aikoni, na kwamba hata wazoefu wengi hawakuutumia. Tofauti ya majibu inategemea sana nani anapimwa na anafanya nini. Anayekumbuka mkato atachelewa. Mhariri wa Pro Tools niliyemtaja hakumbuki kitu, mkono wake umeshakwenda. Na muziki una jambo ambalo maandishi hayana: kazi inapita katika muda. Wimbo unacheza, sikio liko kwenye ule mwanya mdogo kati ya pumzi na neno, na macho yakitumwa kwenda kutafuta menyu, sikio huyafuata. Saa ya kupimia inahesabu sekunde za mkono. Haihesabu kilichopotea sikioni, na katika kazi hii hicho ndicho ninachokiona kuwa na gharama kubwa.

Hapa ndipo programu ya kurekodi ya REAPER inapoingia, na kwangu ndiyo sura tajiri kuliko zote. Justin Frankel, aliyetengeneza Winamp akiwa kijana mdogo na kuuza kampuni yake kwa AOL mwaka 1999, alianza kusambaza REAPER mwaka 2005, na toleo la 1.0 likatoka 2006. Leseni ya mtu binafsi ni dola 60. Ndani yake karibu kila kitu ambacho programu inaweza kufanya kimeandikwa kwenye orodha ya vitendo, maelfu kwa maelfu, na kila kitendo kinaweza kupewa kitufe, kuunganishwa na vingine kuwa kitendo kipya, au kuandikiwa programu ndogo kwa lugha kama Lua na Python. Mpangilio wote wa vitufe unahifadhiwa kuwa faili moja linaloweza kutumwa kwa mwingine. Ni wazo lilelile la Emacs lililofika studio baada ya miaka 30, na lilifika kupitia bidhaa ya bei ndogo iliyolengwa kwa mtu mmoja na kompyuta yake.

Waliolipokea kwa nguvu kuliko wote ni maprodyuza wasioona. Kipanya kinamhitaji mtu aone mshale ulipo. Bila macho hakina kazi. Msomaji wa skrini, yaani programu inayotamka kilichoandikwa, hufuata kibodi, hivyo kitendo kisicho na kitufe ni kitendo kisichokuwapo. James Teh, mmoja wa Waaustralia wawili walioijenga NVDA, programu ya bure ya kusoma skrini iliyoanza 2006, alitengeneza pia OSARA, nyongeza inayoifanya REAPER izungumze: inakutajia treki uliyopo, mahali ulipo kwenye wimbo, na ulichobadilisha. Upande wa Pro Tools, ambako vitufe vilikuwa vimefungwa, Slau Halatyn, prodyuza asiyeona wa New York, alikuwa miongoni mwa walioanzisha Flo Tools, mkusanyiko wa makro unaofanya kazi kutoka nje ya programu. Kwa watu hawa ubishi wa Tognazzini kuhusu sekunde hauna maana yoyote. Lakini wanatufundisha jambo la pili, lisilotarajiwa. OSARA inakuja na ramani yake ya vitufe, na watumiaji wengi wasioona wanaitumia ileile, ili mmoja akimweleza mwenzake kwa sauti namna ya kukata kipande, maelezo yafanye kazi kwenye mashine zote mbili. Katika programu iliyo huru kuliko zote, watu walijitengenezea mpangilio wa pamoja. Tofauti na ule wa Pro Tools ni kwamba walioamua ni watumiaji wenyewe, na anayetaka kutoka anaweza kutoka.

Hilo linajibu kwa sehemu lalamiko la mafundi wa zamani kwamba uhuru wa vitufe huvunja ushirikiano. Lalamiko lenyewe ni la kweli. Fundi anayekaa kwenye Logic iliyopangwa na mwingine anaweza kubonyeza kitufe cha kutendua na kufuta treki. Apple iliponunua Emagic Julai 2002 na kuliua toleo la Windows, watumiaji waliobaki upande wa Windows walijikuta na mikono iliyojaa mazoea yasiyo na mahali pa kwenda. Soko lilijibu kwa kufanya mazoea yenyewe yahame: Studio One, iliyotoka 2009 ikiwa kazi ya watu waliowahi kuwa Steinberg, imekuwa ikija na seti za vitufe zinazoiga Cubase, Logic na Pro Tools, ili mhamiaji achague mikono aliyonayo. Mpangilio wa Pro Tools ukawa mkubwa kuliko Pro Tools, watu wakiutumia ndani ya programu za wapinzani wake.

Afrika Mashariki hali yetu haifanani kabisa na ya Hamburg wala ya Los Angeles. Muziki mwingi wa kizazi kipya umetengenezwa kwa FL Studio, katika chumba kimoja chenye kompyuta moja, na mara nyingi kompyuta hiyo ina mmiliki mmoja na maprodyuza kadhaa wanaopokezana, mmoja mchana na mwingine usiku. Studio ya Sisso huko Mburahati, Dar es Salaam, ambayo singeli yake ilikusanywa kwenye albamu ya Sounds of Sisso iliyotolewa mwaka 2017 na lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala, ni mfano wa kituo cha mtaani kilichobeba wasanii wengi kwa vifaa vichache. Kwa kanuni yangu, vyumba vya namna hii vinapaswa kupendelea vitufe vya kudumu, na kweli prodyuza wa mtaani hujifunza mikato ya kiwandani kwa kumtazama aliyemtangulia, akikaa nyuma ya kiti. Anayepanga vitufe vyake kwenye mashine ya wote anamvuruga wa zamu inayofuata. Ila sharti la MIT linabaki wazi: faili la mpangilio ni dogo, linaingia kwenye flashi au kwenye simu, na pale programu inaporuhusu, kila mtu anaweza kupakia lake anapokaa na kurudisha la kiwandani anapoondoka. Ni utaratibu wa dakika moja, na nadhani kinachoukwamisha ni kwamba wanaojifunza kwa kutazama hawajamwona mtu akiufanya.

Inabaki kueleza kwa nini Avid waliamka 2022 na si mapema, kwa maana hapa tarehe hazinisaidii moja kwa moja. Pro Tools 9, iliyotoka mwishoni mwa 2010, ndiyo ya kwanza kufanya kazi na kifaa chochote cha sauti bila kulazimisha vya Digidesign, na baada ya hapo programu ilienea zaidi kwenye kompyuta za watu binafsi. Kama umiliki wa chumba ndio uliofunga vitufe, vingefunguliwa wakati huo. Vilichukua miaka 12 zaidi. Ninachoweza kusema ni kwamba vyumba vya sauti za filamu na televisheni, vyenye wahariri wengi wanaopokezana viti, havikuondoka. Ndivyo vilivyobaki kuwa wateja wanaolipa zaidi, navyo viliutaka mpangilio mmoja. Mwaka uleule ambao vitufe vilifunguliwa, Avid ilitoa pia Pro Tools Intro, toleo la bure kwa anayeanza nyumbani. Mpangilio wa zamani haukuondolewa: ndio unaokuja na programu hadi leo, na mhariri wa filamu asiyetaka kubadilisha chochote bado anaikuta A ikipunguza mwanzo wa kipande na S ikipunguza mwisho, katika chumba chochote anachoitwa.